Mechi Kando ya Matumbawe

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mkubwa wa nyumba, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyetoka Dar alfajiri na gari la kukodi, kitinda mimba wetu, msichana, aliyekuja kutoka chuoni Mazimbu na nguo za kubadilisha kwa sababu nilimwambia atalowa, mjomba wetu, kaka wa marehemu mama, aliyeteremka kutoka mlimani na dumu la maji ya chemchemi, na Mnyamwezi wa nyumba ya tatu, mtani wetu, ambaye hakualikwa. Kufikia jioni walikuwa wameongezeka watu wengi ambao siwezi kuwataja, wengine hata siwajui mpaka leo, na nitaeleza walivyoingia sebuleni kwangu. Lakini asubuhi tulikuwa sisi watano, na uani kulikuwa na ndoo zilizofunikwa, na ndani ya ndoo kulikuwa na samaki, kamba, konokono na matumbawe hai, vyote vikisubiri nyumba mpya.

Nyumba yao niliitengeneza kwa mikono yangu. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu hapa Kihonda. Kazi hii niliingia kwa mlango wa nyuma. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa kidato cha pili. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno, naye neno lake lilikuwa kwamba tugawanywe: wa kiume aende kwake mlimani, mdogo aende kwa mama mdogo Kilosa, mimi nitafutiwe kazi za ndani mjini. Nikasema hapana. Nilikuwa nalia, lakini nilisema hapana, na nadhani alichoka kubishana na mtoto anayelia. Nikaacha shule, nikapata kazi ya kufagia vipande vya vioo kwa fundi mmoja karibu na soko kuu. Baada ya kufagia nikaruhusiwa kushika, baada ya kushika nikaruhusiwa kukata. Nyumba ya wazazi ilikuwa imeishia kwenye lenta. Nikaiezeka, nikaiwekea madirisha yangu mwenyewe, mapana, ya kusukuma, yale ambayo mtaa mzima ulisema yataingiza wezi.

Wezi hawakuingia. Watoto walikua.

Matumbawe niliyaona mara ya kwanza Dar, kwa mama mmoja mstaafu aliyeniita kubadilisha kioo cha mlango wa baraza. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi refu la maji ya bahari, lina taa juu yake, na ndani mwake kulikuwa na kitu nilichodhani ni bustani ya maua. Nikasogea. Ua moja likafungua mdomo, likameza kitu, likafunga. Nilisimama pale na tepu ya kupimia mkononi mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama kioo ni kifupi.

"Kioo kiko sawa, mama," nikamwambia. "Hivi hivi vitu vinakula?"

"Vinakula, vinalala, vinagombana," akasema. "Kaa chini nikuonyeshe."

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda Dar kuchukua vioo, nilipita kwake. Alinifundisha kwamba matumbawe si mimea wala mawe, ni wanyama wadogo wengi wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Ya kwake hayakung'olewa baharini, maana hilo ni kosa. Aliyakuza mwenyewe miaka mingi kutoka kwenye vipande alivyogawiwa na wenzake, kama mtu anavyokuza mche wa mgomba kutoka kwenye chipukizi. Nilipomwambia nataka kujenga tangi kama lile, hakucheka. Aliniuliza sebule yangu ina sakafu ya aina gani.

Wengine ndio waliocheka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kutengeneza kitu ambacho hakikuwa na kazi. Kila kioo nilichokata kilikwenda kuzuia mvua ya mtu. Hili lilikuwa jambo la kwanza kulifanya kwa sababu tu nalipenda, na nilitaka life au liishi mikononi mwangu mwenyewe. Nilitaka sana liishi.

Nilikata kioo cha milimita kumi na mbili, urefu wake ni kama mlango wa chumba ukilazwa na kuongezwa kidogo. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Akanitengenezea meza ya vyuma ambayo hata trekta ungeipandisha isingetikisika. Nikaunganisha kwa silikoni, nikaacha ikauke, tukalijaza maji ya bomba uani ili kujaribu. Kwenye kona moja likatokea tone. Tone moja tu, linajikusanya polepole, linaanguka. Nikakwangua silikoni yote ya kona ile nikaanza upya, na safari ya pili nilipanguza kioo kwa spiriti mara nyingi mpaka mdogo wangu akaniuliza kama nakipeleka kuolewa.

Chini ya meza tuliweka tangi jingine dogo, ambamo maji huteremka, huchujwa, kisha pampu huyapandisha tena juu. Maji hayatakiwi kusimama. Hilo yule mama alilirudia kuliko jambo lingine lolote. Baharini maji hayasimami hata siku moja, alisema, na viumbe hivi hupata hewa na chakula katika ule mwendo. Yakisimama, vinaanza kukosa hewa, na joto la Morogoro litamaliza kazi haraka.

Chumvi nayo si ile ya kupikia. Inatoka kwenye mfuko maalumu, unaikoroga kwenye pipa na maji yaliyokwisha kuchujwa hadi yakabaki hayana kitu kabisa, kisha unapima. Kitinda mimba alichovya kidole akaonja, akakunja uso, akasema, "Dada, umetengeneza machozi." Tukaweka miamba mikavu, tukamimina maji yale, tukawasha pampu, kisha tukasubiri. Wiki nyingi hakuna kitu cha kuweka. Wadudu wasioonekana kwa macho lazima wazaliwe kwanza kwenye miamba, ndio watakaokula uchafu wa samaki. Maji yakawa meupe, yakawa kahawia, miamba ikaota utelezi kama mawe ya mtoni, yakarudi kuwa safi.

Kipindi chote hicho majirani walikuja kuangalia samaki wakakuta mawe. Mtani alikuwa anapita kila asubuhi akienda kufungua kibanda chake cha kuonyesha mpira, anachungulia dirishani.

"Mawe yameamkaje?"

"Yameamka salama, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Yakikua uniambie, nije kuchukua la msingi."

Mzee huyu alizaliwa Tabora, akaja Morogoro kijana kufanya kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki. Kibanda chake cha mpira kiko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za babu zao waliopita hapa na misafara, na yeye anauchukulia utani kama watu wengine wanavyouchukulia mshahara: haukosi mwezi.

Ndipo yule mama wa Dar akaniambia anahama, anawafuata watoto wake nje ya nchi. Tangi lake lilikuwa kuukuu na haliwezi kubebeka. "Vilivyomo nakupa wewe," akasema. "Nimetafuta sana mtu. Wote wananiuliza samaki wanauzwaje. Wewe pekee uliuliza kama vinakula." Alikuwa anaondoka Jumamosi ya wiki ileile, ndege ya mchana. Kama vingekufa kwangu, hakuna mahali pa kuvipata tena, na yeye ndiye ningelazimika kumwambia.

Basi, Jumamosi. Gari la mdogo wangu lilipofika na ndoo kutoka Dar, mtani alikuwa tayari amesimama getini, mikono kiunoni.

"Mmebeba nini?"

"Bahari," mdogo wangu akajibu.

"Waluguru na bahari, wapi na wapi? Nyie maji yakifika magotini si mnaita ukoo mzima?"

Mjomba akatokea barazani. "Mpagazi, toka getini. Babu yako alifika pwani na pembe za ndovu za watu kichwani, na hata kuoga hakuoga."

"Alioga. Ule uchafu ndio aliowaachia mkalimia migomba."

"Kamata ndoo."

Mtani akakamata ndoo. Mjomba akamwangalia akipita nayo, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mnaona? Akiona mzigo hawezi kujizuia. Iko kwenye damu."

Kuviingiza viumbe kwenye maji mapya ni kazi ya subira. Nilitumia mipira myembamba ya dripu, ile ya hospitali, nikaacha maji ya tangi yadondoke kidogo kidogo ndani ya ndoo ili vizoee. Mtani akauliza samaki wanaumwa nini mpaka wawekewe dripu. Kisha tukaanza kuweka matumbawe juu ya miamba, kitinda mimba akiwa amezamisha mikono mpaka mabegani, mimi nikielekeza: lile la kama vidole, juu, karibu na taa, lile la kama uyoga, chini kivulini, lile la kijani la kama nywele za mahindi, palipo na mwendo. Wa mwisho kuingia walikuwa samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Walizunguka tangi lote wakiwa wameshikamana, kama wapangaji wanaokagua vyumba.

Mjomba alikuwa amekaa na dumu lake kati ya miguu. Alikuja na maji ya chemchemi ya ukoo, kama inavyofanywa nyumba ikipata kitu kipya, na nilimwona anasita kwa sababu alisikia kwamba maji yote nayachuja.

"Maji ya kwetu unayachuja," akasema. "Maji ambayo mji mzima huu unakunywa."

Kitinda mimba akakaa naye chini. "Mjomba, sikiliza. Maji ya humu yanapaa kila siku, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila siku lazima dada aongeze maji baridi yasiyo na chumvi. Ya kwako ndiyo yanayotakiwa."

"Ya kwangu ndiyo yanayotakiwa," akarudia, akinitazama mimi.

Nikampa kikombe. Kikombe kimoja kwenye maji mengi kama yale hakina madhara. Akamimina taratibu, akiwaambia marehemu kwa Kiluguru kwamba watoto wote wapo. Kisha tukala wali na maharage tukiwa tumekaa sakafuni kuelekea kioo, hakuna aliyetaka kugeuzia tangi mgongo.

Nadhani ilikuwa saa nane. Kilichonishtua ni ukimya. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimezoea mlio wa pampu kiasi kwamba sikuusikia tena, na sasa niliusikia kwa kutokuwepo. Taa ya tangi ilikuwa imezimika. Feni ilikuwa inamalizia mizunguko yake. Umeme umekatika.

Nilikuwa na betri kubwa na inveta yake, nimezinunua kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini siku iliyotangulia kulitokea msiba mtaa wa nyuma, kwenye nyumba ambayo bado haijaunganishiwa umeme, wakaja kuomba betri kwa ajili ya taa na spika za mawaidha. Niliibeba mwenyewe mpaka kwao.

"Dada, nikaiombe?" kitinda mimba akauliza.

Kitu kilichopelekwa msibani hakifuatwi. Wenyewe watakirudisha wakishaondoa matanga. Alijua hivyo kama sisi sote, aliuliza kwa sababu ya hofu tu.

Tukachukua majagi. Unachota maji, unayainua juu, unayaacha yaanguke yakiwa na povu ili yaingie hewa. Tulipanga mstari: mimi, mdogo wangu, kitinda mimba, mjomba, maana mtani alishakwenda kibandani kwake. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Baada ya muda hatukucheka. Matumbawe yalikuwa yamejifunga yote, bustani imekuwa mawe tena, na samaki wale wawili walikuwa wamepanda juu wanahema kwenye uso wa maji. Kipimajoto kilikuwa kinapanda. Mjomba alikuwa amelowa mpaka kwenye kofia, na kila nilipomwambia apumzike alichota jagi kubwa zaidi.

Kwa mbali nikasikia jenereta likiwaka. Nyumba ya tatu.

Siku ile kulikuwa na mechi, ile mechi inayofunga maduka nchi nzima. Mtani alikuwa nyuma ya kibanda chake, ana galoni la petroli, amevaa fulana ya timu yake, na vijana walishaanza kukaa kwenye mabenchi.

"Shikamoo, babu."

"Leo Mluguru ananiamkia mara mbili kwa siku. Kuna mtu amekufa?"

"Bado," nikasema. "Lakini jioni watakuwa wamekufa wote. Pampu imezimika na betri iko msibani. Nimekuja kuomba jenereta."

Akaacha kumimina. Akatazama kibanda chake, mabenchi, vijana. "Mtumwa wangu," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayefikiri. "Watu wameshalipa kiingilio. Nikiwazimia mechi hii, watanichoma moto na kibanda changu. Waya wangu haufiki kwako, na jenereta ni moja."

"Basi lete mpira kwangu."

"Wapi?"

"Sebuleni. Lete televisheni na jenereta. Wa mbele watakaa ndani."

"Hawatoshi hao."

"Nitang'oa vioo vya dirisha la mbele. Lote. Wa nje wataona kama wako ndani."

Akageuka kuhesabu mabenchi. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa karibu akasema, "Oya mzee, kwa huyu dada kuna sofa." Hiyo ndiyo iliyoamua, naapa.

Madirisha yangu yanatoka bila kuvunja chochote ukijua pa kunyanyulia. Nilikuwa nimevitoa vioo vyote nikavilaza chumbani kabla mabenchi hayajafika. Yakaja yakibebwa vichwani, msururu mrefu barabarani, na mjomba, aliyekuwa bado anachota maji, akauona kupitia dirisha lililo wazi.

"Msafara huo unakwenda Bagamoyo?"

"Unakuja kukununua wewe," mtani akamjibu kutoka chini ya televisheni. "Lakini naona umeshalowa, bei imeshuka."

Jenereta tukaliweka mbali, kwenye kona ya ua. Dishi wakalifunga kwenye nguzo ya baraza na kuanza kulizungusha kutafuta picha. Waya mmoja wa kuongezea ulikuwa umeingia ndani, watu wawili wameushika.

"Pampu kwanza," nikasema.

"Dada, mpira unaanza," akasema yule wa sofa.

"Pampu kwanza," mtani akasema. "Mpira haufi."

Nikachomeka. Pampu ikakohoa, ikatema hewa, ikanyamaza, na moyo wangu ukanyamaza nayo. Kisha ikashika. Maji yakaanza kupanda, uso wa tangi ukakunjamana, na mjomba akaketi chini palepale alipokuwa, jagi mkononi. Ndipo tukachomeka feni, kisha televisheni.

Niliwapa sharti moja. Sakafu ikitikisika, miamba inaweza kuanguka, na kelele inawatisha samaki waliokwisha kupata taabu ya kutosha. "Wa nje pigeni kelele mnavyotaka. Wa ndani, goli likiingia, mnakaa."

"Tunakaaje na goli limeingia?"

"Mnakaa."

Sijui nieleze vipi kilichotokea. Sebule ilikuwa imejaa wanaume, wengine sakafuni, wengine juu ya mikono ya sofa, feni imeelekezwa kwenye maji na wao wanatokwa jasho. "Samaki wanapepewa, sisi tunaiva," mmoja alilalamika. Muuza nyama wa kona aliuliza yule wa machungwa ni kilo ngapi. Goli la kwanza lilipoingia, nje kulilipuka. Watu walirukiana, mtu akagonga bati. Ndani, watu wote walioshangilia timu ile walifungua midomo bila kutoa sauti. Wengine walikumbatiana wakiwa wamekaa. Mzee mmoja alijiziba uso kwa kofia yake na kutetemeka. Mtani mwenyewe alinyanyuka, akatembea kwa vidole kama mtu anayepita msikitini watu wakiwa kwenye sijida, akatoka mlangoni, akacheza ngoma nzima uani, kisha akarudi kwa vidole vilevile akakaa.

Mjomba alikuwa wa timu pinzani. Hakumtazama.

Wakati wa mapumziko, kijana wa sofa ndiye aliyeona kwanza. "Oya," akanong'ona. "Hili jiwe linapumua."

Lile la kijani lilikuwa limeanza kutoa ncha zake, moja, nyingine, kisha zote, zikipepea kwenye mwendo wa maji. Lile la vidole likafuata. Watu waligeuza mabenchi. Kwa dakika zile za mapumziko hakuna aliyetazama televisheni. Mtangazaji alikuwa anaongea peke yake. Kitinda mimba akawa anaeleza, anaonyesha midomo iko wapi, na muuza nyama alikuwa amesogeza uso mpaka pumzi yake inaweka ukungu kwenye kioo changu. Hakuuliza tena habari ya kilo. Kipindi cha pili kilipoanza ilibidi mtani awaite mara mbili.

Mimi niliangalia samaki. Walikuwa wameshuka kutoka juu, wamechagua kona chini ya mwamba mmoja, na mmoja wao alikuwa anapeperusha mchanga kwa mkia, kama mtu anayefagia alipohamia. Nikajua wanakaa.

Timu ya mjomba ilifungwa. Umeme ulirudi watu wakiwa wanatoka, na hakuna aliyeshangilia kwa sababu jenereta lilikuwa bado linanguruma. Tulikagua kila kiumbe kwa tochi. Konokono mmoja tu alikuwa amelala chali; mdogo wangu akamgeuza, akaanza kutembea. Nilimpigia picha yule mama wa Dar, tangi lote na viatu vya watu mbele yake, nikamtumia. Alikuwa ameshapanda ndege. Jibu lake lilikuja kesho yake: aliuliza kama lile la uyoga limefunguka, na hivyo ni viatu vya nani.

Mtani alikuwa anakunja waya wake. Nikamfuata, nikamuuliza nimpe nini, angalau petroli.

"Hela ya mtumwa wangu ni ya nani kama si yangu?" akasema. "Nikulipishe hela yangu mwenyewe? Hili ni deni la utani. Nitakudai ninavyotaka."

Kabla sijajibu, mjomba akasimama. Suruali yake ilikuwa bado inachuruzika maji.

"Humdai huyu," akasema. "Hawa ni watoto wa dada yangu. Deni lao ni langu. Taja unachotaka, nitalipa mimi."

Nilikuwa nimeshika kipande cha fremu ya dirisha, na nikaendelea kukishika. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, tulitazamana. Tangu wazazi wamezikwa, tumedaiwa mengi, ada, dawa, mabati, na sikuwahi kusikia mtu mzima akisema deni letu ni lake. Sidhani kama mjomba mwenyewe alijua alichokisema. Kwake ilikuwa ni kumnyima Mnyamwezi nafasi ya kutuonea.

Mtani alitabasamu polepole sana.

"Mmemsikia wote?" akasema. "Basi nataka hivi. Mechi ijayo ya timu hizi, Mluguru huyu ateremke kutoka mlimani, avae fulana ya timu yangu, apitishe kahawa kwa watazamaji wote, ndani na nje, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho."

Mjomba akafungua mdomo, akaufunga, kama lile ua la kwanza nililoliona Dar, nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikakaa kwenye benchi la watu.

Mechi hiyo ilikuja ikapita. Mjomba alipiga simu asubuhi, goti linamsumbua, mlima una utelezi. Ikaja nyingine, akasema anavuna. Mtani amekwisha kuleta fulana, mpya, ya saizi ya mjomba, iko kabatini kwangu imekunjwa. Kila asubuhi anachungulia dirishani, matumbawe yamekua na mengine nimekwisha kuyakata vipande vya kugawa, lakini yeye haulizi tena habari ya mawe. Anauliza, "Mdeni wangu anateremka lini?"

"Goti, babu."

"Goti gani hilo linaloumwa siku ya mechi, Jumapili limepona?"

Juzi nimempigia mjomba nikamwambia ratiba imetoka. Akauliza kama fulana ile inaweza kuvaliwa chini ya koti. Nimemwambia nitamuuliza mtani, mwenye deni. Bado sijamuuliza.